Mstari Aliousogeza Mama Kamba

Kila siku ya mechi, kabla jua halijapanda, Mama Kamba huvua viatu mlangoni mwa stoo, hukunja suruali ya kazi hadi chini ya magoti, kisha hutembea uwanja mzima pekupeku. Huenda na kurudi, huenda na kurudi, kama mtu aliyedondosha hereni. Wageni humcheka. Wamcheke tu. Nyayo zile zimegundua mabomba yaliyopasuka kabla ya mafundi bomba, na zimeokoa vifundo vya miguu vya watu ambao hata hawajui kwamba yupo duniani.

Jina la Kamba alipewa na wachezaji, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila kitita cha kamba ya nailoni begani. Kwa kamba hiyo na vigingi viwili hunyoosha mistari ya pembeni, mita mia na tano kila mmoja, na mtu akibisha humwambia alete futi yake apime. Kwenye barua ya ajira ameandikwa msimamizi wa kiwanja, maneno matatu yanayowadanganya watu kwamba kazi yake ni kusimama. Kumbe mwanamke huyu hufungua injini ya mashine ya kukatia nyasi ikigoma na kuifunga bila skrubu hata moja kubaki mkononi. Anajua dawa ipi inaua ukungu na ipi inaua nyasi zenyewe. Anasoma mawingu vizuri kuliko redio. Na yeye ndiye anayewaambia makocha hapana, jambo ambalo mwenyewe anasema ni gumu kuliko injini.

Asubuhi ya fainali ya wasichana, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na kukatika alfajiri. Mama Kamba alitembea na kurudi kama kawaida yake, akifurahi kimoyomoyo jinsi maji yalivyoshuka. Alipofika kona ya kulia ya goli la upande wa barabara, ardhi ikabonyea. Tope analijua, tope hushika mguu. Hii ilishuka kidogo, ikatulia, na alipoondoa unyayo ikapanda tena taratibu kama godoro.

Alirudi nyuma hatua tatu, akasimama mikono kiunoni, akipumua kwa mdomo. Hakuhitaji mtu wa kumwambia kilichokuwa chini ya pale, maana alikuwa amekifunika mwenyewe.

Miaka kumi na moja nyuma alikuwa msaidizi tu, chini ya msimamizi wa zamani waliyemwita Mzee Toroli, mtu mkali aliyesukuma toroli hata likiwa tupu ili meneja asimkute mikono mitupu. Kwenye kona ile, hatua mbili ndani ya mstari, kulikuwa na chemba: shimo la matofali la kukagulia mabomba yanayotoa maji ya mvua chini ya uwanja. Upana wake mita moja, na kina cha kumeza mtu mzima na mwingine aliyesimama mabegani kwake. Aliyejenga uwanja kwa nini aliiweka ndani ya mstari, hilo aulizwe yeye. Siku mbili kabla ya mechi kubwa mfuniko wa zege ukapasuka. Zege jipya lilitaka wiki nzima kukauka. Mzee Toroli akaamua wapange mbao ngumu, walaze bati juu yake, washindilie udongo, wabandike nyasi.

"Kwa mechi moja tu, dada," alisema. "Jumatatu tunafukua."

Nyasi zikashika vizuri ajabu. Jumatatu ikaja na mechi nyingine, msimu ukaisha na mwingine ukaanza, Mzee Toroli akastaafu na kumkabidhi funguo. Tangu siku hiyo chemba ikawa yake. Kila mwaka alijiambia atafukua baada ya msimu, na kila baada ya msimu palikuwa na sababu. Mara mashine imekufa, mara nyasi zinaumwa, mara wageni wanakuja kukagua. Alichofanya ni kukata kona ile mwenyewe kwa mashine ndogo ya kusukuma, akisingizia kwamba mashine kubwa ikigeuka pale inachana mizizi. Na kwa sababu ya unyevu wa chini, pale ndipo palipokuwa na nyasi nzuri kuliko uwanja wote. Wapiga picha walipapenda sana.

Sasa afanyeje? Akimpigia simu meneja, mechi itafutwa, watu watauliza, na jibu lipo moja tu. Miaka kumi na tisa ya kazi ingeishia kwenye kona ile. Watu wana msemo kwamba kibarua kimeota nyasi. Mama Kamba, ambaye kibarua chake kilikuwa nyasi zenyewe, asubuhi ile hakuona cha kuchekesha. Tena kulikuwa na binti yake wa mwisho, miaka kumi na saba, winga wa timu ya nyumbani. Alimwacha jikoni akisugua viatu vyake vya mpira kwa kitambaa, chai imepoa mbele yake, baba yake akimbembeleza ale japo kipande cha mkate. Wiki nzima mtoto huyo alikuwa akiota fainali kwa sauti. Mama mtu aende kumwambia nini?

Alishika kamba begani, na ile kamba ndiyo iliyompa wazo. Laiti ningekuwepo ningemnyang'anya.

Fundi wa mashine kubwa, mwanamume mtu mzima ambaye kila mtu alimwita Gia, alifika saa moja kasorobo na kumkuta ameshachimbia vigingi.

"Tunasogeza mistari ya pembeni," Mama Kamba alimwambia. "Mita tatu ndani, pande zote mbili."

"Leo? Siku ya fainali?"

"Mvua imelegeza kingo. Sitaki mtu ateleze."

Gia alijikuna kidevu. "Dada, si wewe uliyeniambia mstari hausogezwi hata mwenye uwanja akifufuka?"

"Basi amefufuka. Shika kigingi."

Walifanya kazi kwa saa tatu bila kupumzika. Mistari ya zamani waliipulizia rangi ya kijani mpaka ikamezwa na nyasi. Mipya waliinyoosha kwa kamba, wakasukuma kigari cha rangi nyeupe, wakahamisha vibendera vya kona na kuchora upya vile vipande vya duara. Uwanja wa mita sitini na nane ukawa wa sitini na mbili. Mkono wa Mama Kamba haukutetemeka hata mara moja, na hilo lilimtisha. Alipomaliza, chemba ilikuwa nje ya uwanja, hatua moja kutoka mstari mpya. Hakuna mchezaji atakayekimbia pale, alijiambia, na kesho asubuhi nafukua, Mungu shahidi yangu. Kisha akaweka koni mbili za rangi ya chungwa juu ya zile nyasi nzuri, mbalimbali, kwa mkono ulionyooshwa.

Meneja alizing'oa saa tano. Huyu walimwita Bwana Ratiba, kwa vile hakuwahi kuonekana bila karatasi ya ratiba, na hakuna kilichomkera duniani kama kitu kisichokuwemo ndani yake.

"Hizi koni ni za nini? Kamera ya runinga inakaa upande ule. Watu waone koni au waone nyasi?"

"Kumelowa pale, bosi."

"Kumelowa kila mahali. Mvua imenyesha." Akazitia koni kwapani na kuondoka nazo, akipiga simu.

Mama Kamba alimtazama akienda.

Saa saba akaja kamisaa wa mechi, mama mmoja mwembamba mwenye miwani ya kamba na tepu ya kupimia ya kwake mwenyewe, kwa sababu hakuamini tepu za viwanja. Alipima upana mara mbili.

"Sitini na mbili. Msimu uliopita niliandika sitini na nane."

"Nimeubana kidogo. Kingo zimelegea kwa mvua."

"Kanuni inaruhusu kuanzia sitini," kamisaa alisema. "Umefanya jambo la maana. Wengine wangengoja mtu avunjike mguu." Akaanza kuufuata mstari kuelekea kona, akiinama hapa, akibonyeza pale kwa ncha ya kiatu. Alitoka nje ya mstari. Alichuchumaa. "Hebu ona nyasi hizi! Mnazilisha nini?"

Kamisaa alikuwa ameweka goti moja pembeni kabisa mwa chemba, na mkono wake ulikuwa ukipapasa juu ya mbao zilizooza kama anayepapasa mgongo wa paka.

"Mama, kabla jua halijakuchoma, njoo uone wavu wa goli la pili," Mama Kamba alimwambia. "Kuna kamba moja siipendi."

"Nakuja."

"Ingefaa sasa hivi. Nikikuta haifai nipate muda wa kubadilisha."

Kamisaa alinyanyuka akikung'uta goti. Wavu ulikuwa mzima, na Mama Kamba alijua ulikuwa mzima, na walisimama pale dakika tano wakivuta fundo lisilo na kosa. Kisha ikatolewa fomu. Ilikuwa na maswali kumi na mawili, na la kumi na moja liliuliza kama kuna hatari yoyote inayojulikana kwa msimamizi, ndani ya eneo la kuchezea au kandokando yake. Mama Kamba alilisoma mara mbili. Aliweka alama kwenye Hapana, akatia sahihi, akarudisha kalamu. Yeye ambaye aliwahi kumfukuza kocha uwanjani kwa kumdanganya juu ya njumu za viatu.

Kuanzia saa nane milango ilifunguliwa, na watu wakaanza kumiminika wakiwa na mavuvuzela na miamvuli. Mama Kamba alizunguka akifanya yaliyokuwa yake. Alifungua lango la gari la wagonjwa na kuhakikisha hakuna aliyeegesha mbele yake. Alipeleka maji kwenye chumba cha waamuzi. Alibishana na fundi wa kamera aliyetaka kuchimbia nguzo ya chuma katikati ya mkondo wa maji. Lakini macho yalikuwa kwenye kona ile tu. Hata alipokuwa ameipa mgongo aliihisi.

Waamuzi walitoka kupasha misuli saa tisa kasorobo. Mshika kibendera mmoja, mwanamume mnene kidogo mwenye mbio nzuri za kinyumenyume, alianza kukimbia kando ya mstari mpya, kutoka katikati kuelekea kona.

Hapo ndipo Mama Kamba alipokumbuka. Mshika kibendera hakimbii ndani ya uwanja. Yeye hukimbia nje ya mstari, hatua moja nje, huku na huko, dakika tisini. Kila mtoto wa shule anajua. Yeye aliyechora mistari miaka kumi na tisa alikuwa amesahau, kwa vile alipokuwa akisogeza mstari alikuwa akifikiria jambo moja tu, kujificha.

Alimfikia mwamuzi wa kati karibu na benchi, akihema.

"Samahani, mwamuzi. Leo wasaidizi wako watakaa upande gani?"

"Yule mnene anakaa nusu ya kule, ya goli lililo mbali na barabara, na mwenzake yuko mstari wa ng'ambo. Pale anapasha tu. Kwa nini?"

"Nilitaka kujua wapi nipanguse maji," Mama Kamba alisema. Nusu ya kule. Chemba haikuwa njiani kwake. Alimtazama yule mnene akigeuka hatua kumi kabla ya kona na kurudi zake, akipuliza mashavu. Akaona kama Mungu amemwachia upenyo.

Alikuwa nyuma ya goli la mbali, akikaza kigingi cha wavu kwa nyundo, aliposikia mashabiki wa nyumbani wakipiga kelele. Timu ilikuwa imetoka. Hakuinua kichwa mara moja. Alimaliza kigingi, akakipima kwa kidole, ndipo akasimama akatazama upande wa pili.

Wasichana wote kumi na wanane, binti yake akiwemo, walikuwa kwenye kona ile. Nje ya mstari. Kocha wao alikuwa amewapanga kwa duara juu ya zile nyasi nzuri, na walikuwa wakishikana mabega tayari kuruka.

Na kwa nini walikuwa nje ya mstari? Kwa sababu ya tangazo. Tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa kila chumba cha kubadilishia nguo, kwa mwandiko wa Mama Kamba mwenyewe, herufi kubwa: SIKU YA MVUA, KUPASHA MISULI NI NJE YA MISTARI. Miaka yote alikuwa akiwakimbiza wasioitii. Leo walimtii, na kwa utii wao walikwenda kusimama palepale alipowatengenezea.

Alikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini kasoro kidogo, viatu vya mpira vya mvua miguuni, nyundo mkononi, alikata uwanja mzima kwa mshazari mbele ya maelfu ya watu. Mashabiki walishangilia, wakidhani ni mchezo wa kuwachekesha. Mtu mmoja akapuliza vuvuzela kumfuata hatua kwa hatua. Wasichana waliruka mara ya kwanza. Alisikia mshindo wao akiwa katikati ya uwanja, na katika mshindo ule alisikia kitu kingine kwa chini, mlio mnene, mtupu. Waliruka mara ya pili.

"Tokeni!" alipiga ukelele. "Tokeni hapo! Tokeni!"

Walimwona, wakaona nyundo, wakatawanyika kama vifaranga. Golikipa, msichana mkubwa mwenye nywele za mabutu, alibaki amesimama kwa mshangao. Mama Kamba alimkamata jezi akamvuta kwa nguvu zake zote, wakaanguka wote wawili juu ya mstari mpya, rangi nyeupe ikawapaka mpaka usoni.

Uwanja mzima ulicheka. Nyasi zilikuwa pale, nzuri, zimelala tu kidogo.

Bwana Ratiba alifika kwanza, karatasi yake imekunjamana mkononi. Kamisaa alikuwa nyuma yake, kisha mwamuzi, kisha kocha akiwaka moto.

"Umerukwa na akili?" meneja alisema kwa sauti ya chini, maana kamera ilikuwa karibu. "Tuko hewani!"

"Kuna shimo hapa chini."

"Shimo gani?"

"Chemba. Imefunikwa kwa mbao. Zimeoza."

Kocha alizitazama nyasi, akamtazama yeye. "Mbona mimi sioni shimo? Vijana wangu wameruka hapa sasa hivi."

"Nami nimepiga goti hapa mchana," kamisaa alisema polepole. Miwani yake ilikuwa imeteremka puani. "Ukaniita nikatazame wavu."

Mama Kamba alipangusa rangi mdomoni. Meneja alipata nguvu. "Mnaona? Ni uchovu tu. Amekuwa hapa tangu alfajiri, mvua siku tatu, mtu lazima achanganyikiwe. Mwamuzi, tuendelee, tuko nyuma ya ratiba dakika sita." Na ili kuonyesha, akainua mguu wake wenye kiatu kinachong'aa aukanyage pale.

"Usithubutu!" Mama Kamba alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo meneja alimtii. "Gia! Niletee mtaimbo."

Gia alikuja mbio na ule mwanzi wa chuma mrefu, mzito, wa kuvunjia mawe. Mama Kamba alilala kifudifudi kwenye mstari wake, akajivuta mbele mpaka kifua kilipofika ukingoni, akamwambia Gia amshike miguu. Watu hawakuwa wakicheka tena. Aliinua mtaimbo kwa mikono miwili kadiri alivyoweza, akauachia uanguke kwa uzito wake.

Haukugota. Ulipita kwenye nyasi, ukapita kwenye udongo, ukapasua kitu kwa sauti ya kikohozi, ukamponyoka mikononi ukatokomea wote, mita moja na nusu ya chuma. Kisha kutoka chini kabisa wakasikia maji yakiupokea.

Zile nyasi nzuri zikaanza kuzama katikati, taratibu, bila haraka yoyote. Bati lenye kutu likachungulia, likakunjika, likaenda. Udongo ukafuata. Palibaki mdomo mweusi wa mraba, na harufu ya maji yaliyolala miaka mingi. Golikipa mwenye mabutu alitazama ndani, akakaa chini pale alipokuwa, akaanza kulia kwa kwikwi.

Mwamuzi aliita wenzake. Mechi ikatangazwa kuahirishwa, na mashabiki wakaanza kuzomea, kwanza jukwaa moja, kisha uwanja mzima. Kamisaa alitoa fomu mfukoni, akaifungua kwenye swali la kumi na moja.

"Ulijua lini?"

"Leo alfajiri nimejua kwamba zimeoza," Mama Kamba alisema. Alikuwa bado amekaa chini, rangi nyeupe shavuni. "Kwamba lipo, nimejua miaka kumi na moja."

"Nani alilifunika?" meneja aliuliza upesi. "Ni yule mzee, sivyo? Ni kabla ya wakati wako. Sema ni kabla ya wakati wako."

Mlango wa kujinasua ulikuwa wazi kabisa. Mzee Toroli alikuwa mbali, mzee, na asingejua hata kama ametajwa. Mama Kamba aliuona mlango ule, na tusimsifu kupita kiasi, aliutazama kitambo.

"Mbao nilizipanga mimi kwa mikono yangu," alisema. "Mwaka mmoja alikuwa bosi wangu. Miaka kumi iliyobaki bosi nilikuwa mimi. Na mstari wa leo nimeusogeza mimi, ili nisiwaambie. Gia hajui kitu."

Gia aliiachia miguu yake, akageuka akatazama kwingine.

Alitoa shada la funguo kiunoni, akampa meneja kabla hajaombwa. Bwana Ratiba alizipokea kama mtu aliyepewa kaa la moto. Hakuwa mtu mbaya, ila hakujua ipi ni ya stoo na ipi ni ya mitambo ya maji, na Mama Kamba ikabidi amwonyeshe moja moja, palepale kando ya shimo, watu wakizomea.

Saa kumi na moja uwanja ulikuwa mtupu. Walikuwa wamelizungushia shimo uzio wa vyuma. Mama Kamba alikaa kwenye ngazi ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo cha timu ya nyumbani, kwa vile hakuwa na stoo tena ya kukaa, akimsubiri binti yake waende nyumbani. Alijua mtoto atakuja na hasira za fainali, alijiandaa nazo.

Binti alitoka akiwa bado na jezi. Alikaa kando ya mama yake. Alivuta uzi uliochomoza kwenye soksi.

"Kwa hiyo hakukuwa na nyoka," alisema.

Mama Kamba hakuelewa. "Nyoka gani?"

"Nilipokuwa mdogo ukinileta kazini. Uliniambia nikimbie uwanja wote nitakavyo, ila kona ile nisiikanyage, kuna nyoka mkubwa. Uliniapisha, mama. Nilikuwa naota yule nyoka." Alikuwa hamtazami. "Mpaka leo nikifika pale na mpira, miguu inapunguza mwendo yenyewe. Kocha ananifokea kila wiki, anasema mimi mwoga wa kona. Nami sikujua kwa nini."

Ikamrudia yote. Mtoto wa miaka sita mwenye gauni la njano, na yeye amechuchumaa mbele yake, amemshika mabega, anamwambia kwa sauti ya kutisha kusudi aogope sawasawa. Alikuwa amelisahau jambo hili kabisa, au alikuwa amelifunika.

"Nilitaka usiumie, mwanangu."

"Najua." Msichana aliukata ule uzi kwa meno. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyapangusa. "Mimi uliniambia nyoka. Hawa wenzangu uliwaambia nini?"

Nyuma yao mlango ulikuwa nusu wazi. Wasichana wengine walikuwa ndani, wamekaa kwenye mabenchi na mifuko yao miguuni, hakuna aliyefungua bomba la kuogea. Walikuwa wamesikia.

Mama Kamba akashika ukuta akainuka, magoti yakiuma kwa zile mbio, akausukuma mlango. Aliyekuwa karibu zaidi ni golikipa, nywele zake bado zina rangi nyeupe. Mama Kamba akakaa kwenye benchi mbele yake, akamuuliza kwao wanamwitaje, kwa sababu miaka mitatu amekuwa akimwona na hajawahi kumuuliza, kisha akaanza kumweleza tangu ile Jumatatu ya kwanza.